Bibi Joto, muuguzi asiyekubali kunyamaza

Saa nne asubuhi, mtoto wa gramu elfu moja na mia moja amelala chini ya taa ya joto. Ana nusu saa tu duniani. Amevishwa kofia ya sufu, na mwili wake uko ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Daktari kijana ameinama, anampitishia mrija mwembamba kitovuni. Macho ya wote yako kwenye mrija.

Isipokuwa ya mtu mmoja. Muuguzi mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, ameshika unyayo wa mtoto kwa vidole viwili na macho yake hayabanduki kwenye kipimajoto.

"Thelathini na sita nukta saba," anasema. Baada ya kitambo, "Nukta sita."

Wodi nzima inamwita Bibi Joto. Jina lake la vyeti limebaki kwenye faili. Amehudumia watoto njiti kwa miaka thelathini na minne, na mwisho wa mwezi huu anastaafu.

Daktari anavuta kitambaa cha kijani kilichozunguka kitovu cha mtoto kitandae zaidi, apate nafasi ya kuweka vifaa.

"Nukta tatu. Simama, daktari."

"Dakika moja tu, Bibi, nimeshafika."

"Dakika ya nani? Yako au yake?"

Daktari anaacha. Kitambaa kinakunjwa, taa inampata mtoto tena, na watu wazima watatu wanasimama mikono mitupu wakisubiri namba ipande. Hakuna anayenuna, wameshamzoea.

Baadaye, mlangoni, nyanya wa mtoto anakuja juu. "Mjukuu wangu mmemfunga kwenye plastiki kama mkate!"

"Huu mkate bado haujaiva, mama," Bibi Joto anamjibu huku akimshika bega. "Ndiyo maana tunauacha jikoni." Nyanya anajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

Wakati wa chai, Bibi Joto akianza kusimulia enzi zao, uso wake unakuwa wa kisichana. Hapakuwa na taa za namna hii. Seremala wa hospitali aliwatengenezea kasha la mbao lenye balbu mbili, na pembeni walipanga chupa za maji moto zilizoviringishwa kwa khanga kuukuu. Mkuu wao wa wodi alisimama mlangoni kila asubuhi akiwashika mikono mmoja mmoja.

"Ukiwa na mikono ya baridi, hugusi mtoto. Unarudishwa ukaisugue kwanza! Tulikuwa wasichana, tunasuguana mikono huku tunacheka mpaka mbavu zinauma. Jamani, nawakumbuka wale. Vifaa hatukuwa navyo, lakini haraka pia hatukuwa nayo."

Kisha anaweka kikombe chini.

Vifaa vilipokuja, ikaja na ile siku. Mtoto alikuwa mdogo kuliko huyu wa leo. Daktari wa wakati huo aliomba kitambaa kikubwa, na yeye ndiye aliyekitandaza kwa mikono yake, akamfunika mtoto gubigubi chini ya taa inayowaka. Joto likaishia juu ya kitambaa. Mrija ulikuwa mgumu, ukawachukua dakika arobaini, na ulipoingia walifurahi kweli.

"Tulipongezana," anasema. "Tulipeana mikono pale pale. Nilipofunua, mguu ulikuwa baridi kama bomba la maji. Jioni akatutoka. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi."

Tangu hapo hajanyamaza. Anachoogopa sasa ni wodi kumsahau huyo mtoto wa chini ya kitambaa mara tu yeye atakapofunga mlango. Kwa hiyo leo ana mpango. Mchana kuna mtoto mwingine wa kuwekewa mrija, na yeye atajifanya hamnazo.

"Nitatazama kipimajoto. Kikishuka nitapiga kelele. Kisiposhuka, nataka nisikie nani atakumbuka joto bila mimi."

Saa nane anasimama ukutani, mikono nyuma. Nafasi yake imeshikwa na muuguzi mwenzake mrefu. Daktari yule yule anainama. Dakika ya kwanza inapita kimya. Bibi Joto anauma mdomo. Ya pili nayo inapita. Anajikaza kisabuni, lakini mguu wake mmoja tayari umeshatangulia mbele.

Daktari anasimamisha mikono. "Mbona kimya? Mtoto ana joto ngapi?"

"Thelathini na sita nukta nane," anasema muuguzi mrefu.

"Basi nitajie kila dakika. Mimi sisogezi mrija nikiwa sisikii."

Bibi Joto anatoka nje ya chumba, anavua miwani na kuifuta kwa pindo la sare. Siku za karibuni, anasema, alikuwa akijiuliza atalalaje huko nyumbani, akijua kuna mtoto anawekewa mrija na yeye hayupo.

"Nitalala," anasema. "Mwezi ujao nitalala mpaka saa tatu asubuhi, na asiniamshe mtu."