Nyota Moja kwa Mwalimu Wangu wa Maturubai

Kushona maturubai nilifundishwa na mzee mmoja pale Tarime mjini, Mwislamu ambaye ukoo wake ni wa Tanga. Nasema kufundishwa, lakini ukweli ni kwamba alinilea. Mimi binti wa Kikurya, mdomo mrefu, hasira karibu. Nyumbani walishanikatia tamaa. Yeye alinipa cherehani na akaniita mwanangu.

Alikuwa na utaratibu ambao mafundi wengine waliucheka. Turubai likiisha kushonwa na mishono kupakwa nta, alilitundika uani, akaketi chini yake kwenye kigoda na gazeti mapajani. Mimi napanda juu ya meza, namwaga ndoo tatu za maji. Gazeti likipata tone moja tu, tunafumua. "Mtu atalala humu, mwanangu," alikuwa akisema. Hakuwa na mahubiri mengine.

Dhahabu mpya ilipogunduliwa kule milimani na rashi kulipuka, watu walimiminika kutoka kila mkoa, na kila mmoja alitaka mahali pa kulaza kichwa. Wageni hawamjui fundi yeyote. Wanatoa simu, wanaandika "maturubai Tarime", wanafuata ramani. Mzee alikuwa na simu ya vitufe. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye ramani. Niliandika jina la duka, nikasogeza alama hadi ikakaa juu ya bati letu kabisa, nikaweka namba yake, picha na saa za kazi. Ijumaa mchana niliandika tumefunga, kwa ajili ya sala. Nikarekodi video ya mlango na kibao ili wenye ramani waliokuwa wakithibitisha waamini kwamba duka lipo. Alipojiona kwenye simu yangu alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Kumbe na mimi ni mtu wa ramani!"

Wateja wakaanza kupiga kutoka Sirari, kutoka Mugumu, hadi kambi za watalii upande wa Robanda. Walioridhika walimwachia nyota tano kwenye ukurasa wa duka.

Baadaye nikafungua duka langu Nkende, hapo hapo Tarime, kwa baraka zake. Cherehani niliyoanza nayo ni ile ile ya kujifunzia, alinipa. Nikajiweka na mimi kwenye ramani, nikakaa kusubiri. Wapi! Mtu akitafuta maturubai, anatokea mzee kwanza, nyota zimejaa. Mimi nipo chini huko, sina hata moja. Nilikuwa najitafuta mwenyewe mara kumi kwa siku, na kila mara roho inaniuma. Nikawa najiambia, ukurasa ule aliutengeneza nani? Si mimi?

Siku moja mteja akasimama mlangoni kwangu, mlangoni kabisa, akaangalia simu yake, kisha akaniuliza njia ya kwenda kwa mzee. Jamani! Nilimwelekeza huku natabasamu. Nilipoingia ndani nilifungua akaunti ya jina la uongo, nikampa mwalimu wangu nyota moja. Nikaandika: "Nilinunua turubai hapa. Mvua ya kwanza tu likavuja, mtoto wangu akalowa, sasa ni mgonjwa huku machimboni. Msiende." Huyo mtoto nilimwongeza ili iume. Sikuwa nimelewa, wala sikutumwa na mtu. Ilikuwa roho mbaya tu.

Siku ya tatu nikamwona mzee anakuja kwa miguu. Jirani yake muuza vitenge alikuwa amemsomea maneno yale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Hakuketi. Nilidhani ameshajua.

"Kuna mtu nimemdhulumu," akasema. "Turubai limevuja na mtoto kaugua. Wewe unajua mambo ya simu. Niandikie jibu."

"Huenda ni mwongo tu, mwalimu. Watu wa mitandaoni unawajua."

"Mtu amsingizie mtoto ugonjwa? Hapana. Mimi nimepitiwa mahali."

Ukurasa wake bado nilikuwa nausimamia mimi. Basi nikaufungua, yeye akasema, mimi nikaandika: "Ndugu yangu, nimesikia, nisamehe. Nijulishe mtoto anaendeleaje. Nakushonea turubai jingine, njoo uchukue, hulipi kitu." Uongo wangu juu, msamaha wake chini, na vidole vilivyoandika ni hivi hivi.

Ningeweza kuufuta papo hapo. Nilingoja nini? Nitasema ukweli: wateja walikuwa wameanza kuja kwangu. Halafu nikaogopa kwamba nikiufuta ataniuliza yale maneno yamekwenda wapi.

Alilishona lile turubai, akalijaribu kwa maji, akalikausha na kulifunga kamba. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipita kwangu.

"Kajibu?"

"Bado, mwalimu."

"Na mtoto?"

"Hajasema."

Masika yalipoanza, uvumilivu ukamwisha. Alijitwika turubai, akapanda pikipiki hadi machimboni, akazunguka kambi kwa kambi akiuliza nani ana mtoto aliyeugua kwa kulowa. Siku mbili nzima, mzee wa umri ule, kwenye tope lile. Alirudi amelowa chapachapa, anakohoa. Turubai alikuwa amelifunga kwenye nailoni lisichafuke.

"Sikumpata," aliniambia.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema. Nikamchemshia chai ya tangawizi.

Kikohozi kilimganda, na masika yalipokwisha wanawe walioko Tanga wakamwita akapumzike huko. Siku ya kuondoka alipita na lile turubai. "Akija, mpe. Mwambie sikumsahau." Nililipokea kwa mikono miwili, nikasema sawa.

Alipoondoka tu, nikafungua ile akaunti ya uongo na kufuta nilichoandika. Sikujua kwamba lalamiko likifutwa, jibu la mwenye duka nalo huondoka. Msamaha wake ukapotea, kana kwamba hakuwahi kuusema. Nyota zake zikabaki zimejaa, kwenye duka lililofungwa.

Nilimpigia mara mbili, kwa namba ile ile niliyoiandika mwenyewe kwenye ramani. Kila mara nilipanga kumwambia, na kila mara yeye aliwahi kuuliza, "Kaja?" Nikajibu bado. Mara ya tatu alipokea mwanawe, akanipa habari za msiba wa baba yake.

Mvua za vuli zilipoanza, nilifungua kamba, nikalitundika turubai uani, nikaketi chini yake kwenye kigoda na gazeti mapajani. Mvua ilipiga saa nzima. Gazeti lilibaki kavu, na hapakuwa na wa kumwambia.