Zoezi la Ubongo Mlangoni

Mimi ni muzee wa kutafuta miwani huku nimeivaa. Basi daktari mmoja aliposema redioni kwamba ubongo huchangamka ukifanya mambo ya kila siku kwa mkono wa kushoto, tena macho yakiwa yamefungwa, nilianza siku ileile na kijiko cha uji. Mke wangu ndiye aliyefua shati.

Jioni ya juzi nilitoka kazini. Kwenye kona yetu ya Keshero nikafumba macho, nikapapasa ukuta wa mawe ya volkano mpaka mlango wa chuma. Ufunguo ukakataa kuingia. Nikauchokonoa kwa mkono wa kushoto, nikijisifu kwamba akili ndiyo hiyo inafanya kazi.

Mara ndani mtu akagonga sufuria. Sufuria za majirani zikaitikia, mtaa mzima ukavuma. Hapa Goma mlio huo una maana moja: mwizi! Nikafumbua macho, nikaruka barabarani, nikaokota jiwe na kujiweka mbele ya watu waliotoka mbio.

"Iko wapi? Leo atanijua!" nikafoka.

Mlango uleule wa chuma ukafunguka kidogo. Mama Neema, jirani yetu wa mlango wa pili, akachungulia kutoka kwake, mwiko mkononi.

"Usiogope, mama, niko hapa," nikamwambia. "Ni murefu ao mufupi?"

"Nilimuchungulia kwa tundu, papa. Ni muzee mwenye koti ya kijani. Alikuwa anafungua huku amefumba macho."

Watu wote wakageukia koti langu la kijani. Hapo ndipo ubongo wangu ulipochangamka.