Ripoti Iliyotusifu Bure

Mpaka leo mtu akiniambia, "Hapa kwetu hakuna anayetengwa," mimi humtazama midomo. Maneno hayo niliyasikia kwanza kwa watu ambao midomo yao ilikuwa bado inang'aa mafuta ya chakula cha huyo waliyemtenga.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tawa, miaka ile ya themanini tulipokuwa bado tukihesabiwa upande wa Machakos. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliishi ng'ambo ya kijito, mguu wake mmoja umepooza tangu utotoni. Shamba lake lilikuwa mteremko mtupu. Kila mvua ikinyesha ilishuka na udongo, na sasa ulibaki wa kufunika mawe tu. Bila mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuzuia maji, kabla ya mvua za vuli, hangekuwa na mahali pa kupanda.

Mitaro ilichimbwa na mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Sheria yao ilikuwa fupi: asiyeshika jembe hana zamu. Mama mkubwa hakuweza kushika jembe, basi akashika sufuria. Siku za kazi alipika isyo, mahindi na maharagwe, akawapakulia kwenye kivuli cha mgunga. Walikula, wakafuta midomo, wakabeba majembe, wakapita kando ya shamba lake kama vile halipo. Kupika, walisema, si kazi. Nilikuwa nikiwatazama wakiomba kuongezewa na kujiuliza kama wana haya.

Ndipo akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, kijana mpole, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alitaka kujua vijijini nani hupata kazi na nani huachwa nje. Nikaitwa kutafsiri. Mwenyekiti wa kikundi, mke wa mzee wa kanisa, alichinja kuku na kupanga kila kitu. Kwetu mgeni haonyeshwi uchafu wa nyumba; anaonyeshwa kuku. Mtafiti alimwona mama mkubwa akipakua chakula, akauliza kama naye ni wa kikundi, na kama anapata zamu.

Akina mama wote wakamtazama. Yeye akatabasamu. "Ndiyo," akasema, "niko pamoja nao. Hupewa zamu kama wenzangu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. "Hapa kwetu hakuna anayetengwa," akasema. Wengine wakatikisa pia. Mtafiti akaandika, nami nikabaki nimekodoa macho. Gari lilipoondoka nilimwendea mama mkubwa kwa hasira.

"Mwaitu, mama yangu, mbona umesema hivyo?"

"Ulitaka niwavue nguo majirani mbele ya mgeni? Nitaishi na nani akienda?"

Nilichukizwa naye karibu kama nilivyochukizwa nao. Mficha uchi hazai, na hapa alikuwa ameuficha uchi wa watu wengine, huku shamba linalosombwa na maji ni lake.

Mwaka uliofuata nilitumwa na mwalimu mkuu kwa ofisa mmoja wa serikali. Juu ya meza yake kulikuwa na kitabu chenye jalada la kijani, kikombe cha chai kimewekwa juu yake, na duara za chai zimekauka moja juu ya nyingine. Nikasoma kichwa chake. Ilikuwa ripoti ya yule kijana.

"Bwana ofisa, hii ilisomewa wananchi?"

Akacheka. "Mwalimu, hii kitu ni ya wasomi. Hawa watu wa jembe watafanya nini nayo? Chukua, lakini urudishe Jumatatu, na usiipake uji."

Nilitoka pale nayo kwapani. Watu walikuwa wameacha mashamba yao wakajibu maswali mchana kutwa, na majibu yao yakageuzwa kiti cha kikombe. Nilikaa nayo na kamusi, maana Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama ngozi kavu. Mle ndani mlikuwa na jambo jema kabisa. Huko Ikutha, iliandikwa, kikundi kimoja kilimpa mtu asiyeweza kulima kazi ya kushika kamba ya kupimia mitaro, na kikahesabu hiyo kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Halafu nikafika kwetu. Tumesifiwa. Eti hata mama mwenye mguu uliopooza hupewa zamu ya shamba lake.

Nikampelekea mama mkubwa, nikamsomea kwa Kikamba. Akaniomba nirudie pale penye zamu. Nikarudia.

"Jumapili," akasema, "soma hivyo hivyo kanisani, wakati wa matangazo. Usiongeze neno."

Nilisoma. Ya Ikutha waliitikia kwa furaha. Nilipofika kwetu, wale akina mama walianza kutazama sakafu, na mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Mwenyekiti akasimama.

"Mwalimu, hiyo mambo ya serikali tusilete kanisani."

"Wacha asome," akasema mama mkubwa. Aliinuka polepole akiegemea fimbo yake. "Mimi nilimwambia mgeni napewa zamu, na nyinyi mlikuwa hapo mkitikisa vichwa. Ama mimi ni mwongo, ama zamu yangu imechelewa. Chagueni."

Pasta akatangulia kuomba, akaomba haraka.

Wiki hiyo hiyo walikuja na majembe, midomo wameivuta. Mwenyekiti alimtupia mama mkubwa kamba ya kupimia bila kumtazama, naye akaidaka. Nililima nao. Jasho lilinitoka, na uchungu haukunitoka, kwa sababu haki yake ilikuwa imeletwa na uongo ulioandikwa kwa Kiingereza. Ukweli, ambao wote waliujua kwa Kikamba, haukuwahi kuinua hata jembe moja.

Mvua ikaja, udongo ukabaki. Ofisa wa kilimo akapita kuona mitaro, na mwenyekiti, bila aibu hata ya kukopa, akamwambia, "Hata kitabu ilisema, sisi hatutengi mtu." Nikatema mate chini.

Ofisa akamgeukia mama mkubwa. "Mama, kumbe wewe ni wa kikundi hiki?"

Wote wakamtazama. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ndiyo," akasema. "Tangu juzi."