Tundu Lililozibwa kwa Ndani

Mwaka wa 1956, hakukuwa na mwashi mtaani Nguba aliyemfikia Papa Stanislas. Kuta alizojenga kando ya ziwa zilitambulika kwa mbali: mawe mawili yamelazwa, la tatu limesimamishwa. Alifundishwa hivyo na marehemu baba yake, Muzee Bulonza, na hakuna mwingine aliyejenga hivyo.

Lakini sifa za uashi hazikutosha kumwoza binti yake, Clémence. Gaston, baba mkubwa wa mchumba wake, alikuja nyumbani akakataa hata kuonja kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika Clémence mwenyewe. Kukataa kinywaji ni kukataa ukwe. Sababu aliitaja waziwazi: zamani, askari walioasi walipoizingira ngome ya kilimani, Bulonza alikuwa ndani pamoja na walinzi, akatoroka kwa tundu la ukuta.

"Hatuoi kwa watu wa kukimbia."

Clémence aliinamia kibuyu chake machozi yasionekane. Papa hakugombana.

"Jumapili, kisha misa, tupande wote kule juu. Clémence, utabeba kasiksi."

Walipanda wanne: Papa, mkewe Virginie, Clémence, na Gaston akihema nyuma.

"Papa Gaston, wewe ungeshindwa hata kukimbia!" Virginie akamtania.

"Tumbo iko ya heshima, maman."

Ukuta wa ngome ulizunguka kilele chote, mawe matupu bila saruji, na bado ulisimama wima. Papa alitembea kwa ndani akiupapasa kwa kiganja, hatua kwa hatua, mpaka akasimama.

"Tundu yako iko hapa. Iliisha kuzibwa."

Mawili yamelazwa, la tatu limesimama. Clémence aliujua mpangilio huo kama uso wa babu yake.

"Mukono ni wake, sikatai," Gaston akasema. "Lakini alitoka, akaziba akiwa inje, wasimufuate."

"Zunguka inje, uguse."

Gaston akazunguka, akinung'unika. Sauti yake ikapenya katikati ya mawe: "Huku iko mikia ya mawe tu, ncha zenye hazikuchongwa! Inachoma!"

"Mwashi anageuza uso wa jiwe kwake," Papa akajibu taratibu. "Baba alisimama hapa ndani, ninaposimama."

Gaston aliporudi, kofia ilikuwa mkononi.

"Clémence, mutoto wangu, hiyo kasiksi iko wapi?"

Akanywa, akamwaga kidogo chini ya ukuta, akampa Papa kibuyu kwa mikono miwili. Papa hakunywa upesi. Kwanza aliokota kijiwe kilichoanguka, akakirudisha mahali pake.