Nyumba Aliyoiacha Shija

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya mwanzo mjini Shinyanga, nilipewa kiti kisicho na egemeo na rundo la majalada yaliyoanza kuliwa na mchwa. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Karani Mkuu, mzee mkavu wa maneno, alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kisukuma unakijua?"

"Ndiyo, mzee. Ndicho cha nyumbani."

"Basi utaandika na utatafsiri. Andika wanachosema watu, siyo unachodhani walitaka kusema."

Mafunzo yangu yakaishia hapo. Vijana wa siku hizi hupelekwa kozi za miezi, na majalada bado yanapotea.

Nilihamishiwa upande wa Geita, halafu, katika miaka ya sabini, Kahama. Kesi zilizonichosha zaidi zilikuwa za mirathi, yaani mali ya marehemu na nani aisimamie. Machimboni walikufa vijana wengi wasio na mke wala mtoto. Kijana wa namna hiyo akifa bila wosia, mila iliuliza jambo moja kabla ya yote: baba alitoa ng'ombe wa mahari? Kama alitoa, mtoto ni wa ukoo wa baba na mali yake inarudi huko. Kama hakutoa, wala hakumkomboa mtoto baadaye, mtoto ni wa kwa mama.

Mmoja wao, Shija, alifukiwa ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya bati Nyahanga, hapo hapo Kahama, kiwanja kikiwa kwa jina lake mwenyewe. Baba yake, Mzee Luhende, ambaye hakukaa na mama huyo zaidi ya misimu miwili ya pamba, aliuchukua mwili, akauzika kwao Ibadakuli kwa heshima zote. Matanga yalipokwisha, akaja mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Aliitaka ile nyumba.

Mama Shija akaweka pingamizi. Nililiandika mimi, kaka yake akisimama mezani kwangu. "Hakutoa hata ndama, karani. Andika hivyo hivyo."

Niliiona kesi nyepesi. Luhende hakuwa na shahidi hata mmoja. Hakimu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa na hakimu kumweleza mila, walishaanza kuchoka.

"Mama Shija," mmoja wao akauliza, "ng'ombe walitoka?"

Alizungushazungusha pindo la kanga.

"Walitoka."

Nilimuuliza tena, jambo ambalo karani hatakiwi kulifanya. Akarudia lile lile. Hakimu akafunua pingamizi.

"Mbona hapa umesema hakutoa?"

"Hayo yalikuwa maneno ya kaka yangu."

Kaka yake akainuka, akatoka nje. Mzee Luhende aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka uamuzi uliposomwa. Nyumba ikawa yake.

Nilimfuata mama yule barazani. Nilikuwa na hasira, nakiri.

"Mama, unajua umesema nini?"

"Najua, baba. Mwanangu amelala kwa Luhende, pamoja na babu zake. Nikisema si wa kwao, pale amelala kama nani?"

Wiki hiyo hiyo alihamia kwa kaka yake, Masumbwe.

Nilistaafu miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Watu bado huja nyumbani kuniuliza, mtoto akifa bila wosia nani anarithi. Nawaeleza hatua kwa hatua, mila inavyosema, dini zinavyosema, mahakama inavyofanya. Kisha nawaambia wawahimize watoto wao waandike. Hapo hucheka. Wanasema wosia ni wa wazee wenye mali, kijana akiandika anajiitia kifo.

Shija alimaliza darasa la saba. Katika jalada lile mlikuwa na barua yake ya kuomba kiwanja, ameiandika mwenyewe, haina kosa hata moja. Mistari miwili mbele ya mashahidi ingetosha: nyumba hii ni ya mama yangu. Angelala pale pale Ibadakuli kwa baba zake, mama yake angebaki Nyahanga, na asingeulizwa habari za ng'ombe na mtu yeyote.