Jina la Asadu kwenye Mkeka wa Barasa

Asadu Mugweri alikuwa fundi magodoro wa Nalufenya, Jinja, mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyokomaa kwa sindano ya magunia. Sokoni walimjua kwa magodoro yake. Kwenye mkeka wa mieleka walimwita Kambale, kwa sababu hakuna aliyeweza kumlalia akatulia. Ungemkalia kifuani, ungempiga kabali, ungemnyoosha mkono mpaka kiwiko kilie. Ukija kuvuta pumzi ya ushindi, mwenzio keshachomoka, kakaa pembeni anajifuta jasho. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia.

Aliyemfundisha ni Ajit Singh, seremala wa Kisikh mwenye karakana ya mbao karibu na reli. Ajit alirithi mieleka kwa baba yake, akaongezea judo aliyojifunza Nairobi, na kila alipozima misumeno aliwafundisha wafanyakazi na majirani katika ukumbi mdogo nyuma ya karakana. Walichokiita mkeka kilikuwa turubai kubwa lililoshindiliwa pamba mbovu. Aliyelishona ni Asadu.

Ajit alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza: ukizidiwa, gonga mkeka mara mbili, na aliyekukaba akuachie papo hapo. La pili: ukichomoka mikononi mwa mwenzako, usishuke mkekani kabla hujamwonyesha ulivyochomoka, kiungo kwa kiungo, mpaka aweze kukufanyia na yeye. Watu walilalamika kwamba hilo la pili ni kama kumpa adui panga lako. Ajit aliwajibu, "Ukimficha, kesho utacheza na mjinga. Utajifunza nini kwa mjinga?"

Mwaka mmoja baada ya Asadu, akaja Barasa. Alikuwa Mgisu kutoka Mbale, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mrefu, mwenye mabega ya kujaza mlango. Kilichomchukua Asadu miezi, Barasa alikipata kwa wiki. Tena alikuwa mtu wa kucheka. Akikabwa vizuri aligonga mkeka bila haya, na wenzake wakapata la kumtania.

"Barasa, wewe Mgisu mzima! Ulisimama mbele ya kisu cha jando hukupepesa jicho, leo unagongea turubai?"

"Kisu tulikutana mara moja tu, bwana. Nyinyi niko nanyi kila siku."

Wakacheka wote, na Ajit akacheka kuliko wote. Asadu hakucheka. Yeye hakuwa amegonga hata mara moja tangu aanze, na hakuna aliyewahi kuchekea hilo wala kulisifia. Waliona ndivyo alivyo, kama ufupi wake.

Mwaka 1972 Waasia walipoamriwa kuondoka nchini kwa siku tisini, Ajit alifunga karakana. Siku ya mwisho aliwaita wanafunzi wake, akatoa ufunguo wa ukumbi mfukoni. Asadu alikuwa amesimama mbele kabisa. Mkono wa Ajit ukapita juu ya kichwa chake, ukamfikia Barasa.

"Wewe watu wanakupenda," Ajit akamwambia Barasa. "Usiwaache watawanyike." Kisha akamshika Asadu bega. "Na wewe, Asadu, mshonee mkeka ukichanika."

Hakukusudia ubaya. Lakini kuanzia pale roho ya kwanini ikamwingia Asadu, ikakaa. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi niliyetangulia? Watu wakaanza kusema "tunakwenda kwa Barasa," na kila turubai lilipochanika Asadu alilishona huku anauma meno.

Siku moja ya mwaka 1977, Barasa alimkalia Asadu kifuani mbele ya watu wote, magoti yamembana mbavu, uzito wote umeshuka. Waliokuwepo walisema leo Kambale kaingia kwenye wavu. Asadu akatulia. Akaukumbatia mkono mmoja wa Barasa kwa mikono yake miwili, akainua kiuno kwa ghafla, na yule mtu mkubwa akapinduka kama gunia linaloshushwa kwenye lori.

"Allah!" mtu mmoja akapiga kelele.

Barasa mwenyewe alikuwa anacheka, yuko chali. "Hebu nionyeshe hiyo, ndugu yangu. Nionyeshe taratibu."

Sasa, kupinduka kule kulikuwa na viungo vitatu. Kwanza unaufunga mkono wake, asiweze kuuegemea. Pili unaukwaza mguu wake wa upande huohuo kwa mguu wako, asiweze kuutanua. Tatu unainua kiuno na kumpeleka upande huo, mahali asipobaki na nguzo. Ukiacha mguu, umefanya kazi bure: atautanua, atasimama imara kama kigoda, na wewe utabaki chini unapiga mateke hewani.

Asadu alimwonyesha mkono. Alimwonyesha kiuno. Mguu hakumwonyesha.

"Na mguu?" Barasa akauliza.

"Mguu uache tu. Nguvu iko kwenye kiuno."

Barasa akajaribu, haikwenda. Akajaribu tena, akavimba mishipa ya shingo, watu wakamcheka kwamba anarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. "Kiuno chako bado kizito," Asadu akamwambia. "Endelea na mazoezi." Siku hiyo chakula kilimshuka vizuri, kuliko siku zote tangu ufunguo ule utolewe.

Barasa akaendelea na mazoezi kweli. Alifika kabla ya wenzake, akamwomba yeyote amkalie kifuani, akawa anainua kiuno na kushindwa. Mwezi, mwaka, miaka miwili. Shingo ilimuuma mpaka akawa anageuka na mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi. Hakuwahi kumlaumu Asadu. Alisema ni yeye mzito wa kuelewa. Asadu alimtazama akishindwa, na kila mara aliona raha na aibu vikiingia kwa mlango mmoja, raha ikitangulia.

Kisha vita vya 1979 vikafika. Kiwanda kilikuwa kimeshasimama. Barasa alirudi kwao Mbale wiki chache kabla askari waliokuwa wakikimbia hawajapita Jinja. Baada yao wakaja waporaji. Walivunja ukumbi, wakapasua turubai na kuchukua pamba. Siku zile Mwislamu mwenye kusema Kiswahili alitazamwa kwa jicho baya, akihesabiwa mtu wa utawala uliopita, hata kama kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Asadu akahamia kwa shemeji yake Iganga, akaishi huko miaka minane, akishona magunia, na machache aliyosema akiyasema kwa Kisoga, lugha ya huko.

Alirudi Nalufenya mwaka 1987, nchi ilipoanza kutulia. Akaokota vipande vya turubai, akaviunganisha, akakusanya watu sita. Akawaambia yeye ndiye mwalimu sasa. Mambo yakawa yanakwenda, mpaka siku moja Janepher, mwanamke aliyemletea pamba kutoka Mbale, akasema maneno yaliyomharibia usingizi.

"Na huko Nabuyonga kuna watu wanakabana hivihivi. Wengi! Hata wanawake. Mwalimu wao anaitwa Barasa. Wanasema hakuna anayeweza kumlalia akatulia."

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu."

Asadu akarudia kushona. Sindano ikamchoma kidole, hakuisikia. Hiyo ilikuwa sifa yake yeye. Barasa alichukua ufunguo, akachukua watu, sasa amekuja kuchukua na hiyo? Jumamosi iliyofuata akapanda basi la Mbale, amekusudia jambo moja: kumkalia Barasa kifuani mbele ya wanafunzi wake, na kumwacha pale chini anarukaruka kama mbuzi, wote waone.

Barasa alimpokea kwa mikono miwili. Mvi zilikuwa zimeanza pembeni, mabega yaleyale. "Asadu! Uko hai! Jamani, huyu ndiye yeye!" Watu kama ishirini, wamekaa kando ya mkeka wa majani makavu ya migomba yaliyofunikwa turubai, wakainuka na kupiga makofi. Asadu hakuelewa makofi yale ni ya nini, na hakutaka kuelewa.

"Tucheze kidogo, bwana Barasa."

"Hata chai hujanywa!"

"Chai baadaye."

Wakashikana. Barasa alikuwa na mwendo wa mzee, na baada ya dakika chache Asadu alimwangusha, akavuka miguu yake, akamkalia kifuani, magoti yakabana mbavu. Moyo ulimdunda kwa furaha. Akangoja. Barasa akaufunga mkono wa Asadu na kuinua kiuno, vilevile alivyofundishwa vibaya miaka kumi iliyopita, mguu umeachwa. Asadu akafanya lile ambalo kila mtu angefanya: akatanua mguu, akasimama imara kama kigoda.

Na hapo ndipo alipopotea. Mguu ulipotanuka, pakafunguka nafasi chini ya paja lake, na goti la Barasa lilikuwa linaingojea nafasi hiyo. Likapenya. Kiuno kikateleza pembeni, goti la pili likafuata, na kabla Asadu hajajua nini kimetokea, Barasa alikuwa mgongoni mwake, mkono umezunguka shingo.

Kabali. Asadu alijua dawa zake zote. Akaingiza kidevu, akavuta kiganja kwa mikono miwili, akatafuta kushusha mabega chini ili ageuke. Kila njia aliyoifuata, alikuta Barasa keshafika. Masikio yakaanza kuvuma. Akawaza, afadhali nizimie. Halafu mkono wake mwenyewe, bila kumwuliza, ukagonga turubai mara mbili.

Barasa akamwachia hapo hapo.

Asadu akaketi, anakohoa, hawezi kumtazama mtu. Barasa hakushangilia. "Sharti la mkeka," akasema, akalala chali na kumwomba Asadu amkalie tena. "Tazama. Unainua kiuno, yeye anatanua mguu. Kuinua ni uongo. Kweli ni goti." Akaonyesha taratibu, mara moja, mara mbili, kila kiungo, hakuficha hata pumzi. Kisha akawageukia wanafunzi. "Hii inaitwaje?"

"Ya Asadu!" wakaitikia kwa sauti moja.

Asadu alidhani wanamdhihaki.

"Alinionyesha mwenyewe, Jinja," Barasa akasema. "Mimi mjinga nilikaa miaka miwili sijaielewa. Nikawa najiambia, Asadu hawezi kunionyesha kitu kisichofanya kazi, basi kuna kitu sijakiona. Nikakitafuta mpaka, huku Mbale, nikaliona goti."

Mwanamke mmoja akasogea, mwenye gauni la ualimu na taulo begani. Aliitwa Nambozo, alifundisha shule ya msingi hapo Nabuyonga. Akapiga goti kumsalimu.

"Mzee, nilikuwa naomba Mungu nikuone," akasema. "Mwaka themanini na tano, kwenye kizuizi cha barabara ya Tororo, askari alinitoa kwenye foleni, mchana kweupe, akanipeleka nyuma ya kibanda. Akanikalia. Nikafanya ya Asadu. Nikakimbia mpaka mtoni. Asante."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Kwa maisha yake yote Asadu alikuwa amengoja watu wamtazame hivyo. Angeweza kuitikia "asante" na kunywa chai, akarudi Jinja na jina kubwa. Badala ya furaha alisikia husuda, kali kuliko ile ya ufunguo. Alimwonea wivu Asadu huyu wa Mbale, mtu mwema, mkweli kwa rafiki yake, aliyemwokoa mwalimu wa watoto. Mtu huyo hakuwahi kuwepo.

"Si yangu," akasema.

"Unajishusha," Barasa akacheka.

"Si yangu, Barasa. Nilikuficha mguu."

"Mguu gani?"

"Ulipouliza, nikakwambia uache tu. Mguu unakwazwa. Ungeukwaza, ungenipindua siku ileile. Nilikuficha makusudi. Nilikuwa nakuonea wivu."

Barasa alikaa, akapitisha kiganja nyuma ya shingo, pale palipomuuma zamani. Kicheko kilikuwa kimetoka usoni, na bila kicheko alionekana mtu mwingine, mzee zaidi.

"Miaka miwili," akasema. "Mke wangu alikuwa ananikanda kwa maji ya moto."

"Najua."

"Ulikuwa unakuja kututazama. Unatazama, halafu unakwenda nyumbani unakula."

Asadu akaitikia kwa kichwa.

"Lala," Barasa akamwambia.

Asadu akalala. Barasa akamkalia kifuani, safari hii bila mchezo, uzito wote. "Nionyeshe."

Asadu akaufunga mkono. Akaukwaza mguu, polepole, ili waliokaa mbali waone. Akainua kiuno. Barasa akaanguka chali, vumbi likatoka kwenye turubai. Wakarudia mara tatu, kisha Barasa akamfanyia yeye, na mara ya kwanza tu ikaenda.

"Basi hii ndiyo ya Asadu," Nambozo akasema taratibu. "Na ile yangu ni ya Mwalimu Barasa."

Wanafunzi wakakubali kwa vichwa. Asadu alisikia jina lake likivuliwa kwenye kitu kizuri na kuvikwa kingine kidogo zaidi, na ingawa ndivyo alivyotaka mwenyewe, iliuma. Walikunywa chai. Barasa hakumsindikiza mpaka kituoni kama ilivyo desturi, alimpa mkono mlangoni, mkono mfupi, akasema, "Siku ukiweza, njoo. Lakini si mwezi huu."

Asadu akarudi Nalufenya, akawafundisha watu wake njia zote mbili, kila moja kwa jina la mwenyewe. Mara kwa mara mwanafunzi mpya alimwuliza ipi ni bora. Asadu aliinamia turubai kana kwamba ameona mahali palipochanika, kisha akasema, "Ya Barasa."