Siku Mjomba Alipoiposea Familia JavaScript

Nikiwa mwaka wa pili wa kusomea usanifu wa michoro pale Kasongo, mwalimu alituambia kila mmoja achague lugha yake ya kwanza ya kuandikia programu, Python au JavaScript, amtajie Jumatatu. Mashine za shule ni chache. Ukishaingia kundi la lugha moja, huhami tena. Mimi nilishachagua moyoni. Nilikuwa nimechora kuku wa bango la mgahawa, nikatamani kufa kupona mtu akimgusa kwenye simu, kuku adonoe. Kwa kazi hiyo, mwalimu alisema, JavaScript ndiyo njia fupi.

Kilichoniponza ni kumsimulia mama mdogo, ambaye ninakaa kwake. Kesho yake mjomba akaingia kwa pikipiki kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope. Tangu mama afariki, yeye ndiye mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyekubali nisome, na akikataa narudi Wamaza kulima mihogo. Walijua vizuri kwamba tunazungumzia kitu cha kompyuta. Hilo halikuwazuia kuitisha kikao kilekile kinachoitishwa mtu anapokuja kuposa.

"Tuanze na huyu Python," mjomba alisema. "Iko na ndugu?"

Nikasema anao wengi mno, na wote wanamsaidia kazi.

"Iko mukali?"

Hapo nilifurahi kumchongea. Nikaeleza kwamba ukiacha nafasi moja ya ziada mwanzoni mwa mstari, anagoma kazi yote.

Mama mdogo alishika kifua. "Juu ya nafasi moja? Mutu wa vile, ukichelewesha chakula atafanya nini?"

Nikaona nimeshinda. Nikamsifu JavaScript: mpole, hana ugomvi, unampa tarakimu na maneno pamoja anavijumlisha bila kulalamika.

"Anajumlisha namna gani?"

Mjomba ana macho ambayo huwezi kuyadanganya ukiwa umeketi mbele yake. Nikasema: ukimpa moja, na moja nyingine iliyoandikwa kama neno, anajibu kumi na moja.

"Moja na moja, kumi na moja," mjomba alirudia polepole. "Na haoni haya?"

"Haoni, mujomba."

"Ile iko mulevi," mama mdogo akakata shauri.

Wakaendelea kumponda. Alizaliwaje? Nikakiri kwamba alitengenezwa harakaharaka. Mjomba akasikitika, akasema mimba haikutimia. Mwisho akafunga kikao: "Basi tunachukua ule mukali. Mukali anafundisha."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mimi, ninayeitikia "ndiyo" kabla mjomba hajamaliza kusema, nilisimama nikapiga kelele.

"Hapana! Miye nataka ile mulevi! Ile ndiyo itafanya kuku yangu idonoe. Ikijibu kumi na moja, nitairekebisha miye mwenyewe!"

Mama mdogo akapiga vigelegele. Mjomba akaomba maji, akanywa taratibu.

"Tulikuwa tunangojea tu useme," alisema. "Weye ulikuwa unajibu kama shahidi, nikaogopa sana."

Kukaa sana Kasongo kulikuwa kumenisahaulisha. Nyumbani kwetu wakubwa humtukana mposaji makusudi, na msichana asipomtetea, mposaji anarudishwa kwao. Nilicheka huku nalia, kwa hasira na kwa furaha.

Jumatatu mjomba alinisindikiza mpaka darasani, akamkabidhi mwalimu jogoo hai, miguu imefungwa. Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, bila kujua kwamba ameshakuwa mkwe wetu. Jina langu likaandikwa kwenye kundi la JavaScript.

Wiki chache baadaye mjomba akanipigia simu. Asubuhi nzima kuku alikuwa amenigomea. Kichwa kilidonoa pembeni mwa skrini, mwili ukabaki katikati, na sikuelewa ni kwa nini. Nilikuwa nimejificha nyuma ya darasa, nafuta machozi.

"Inakutunza muzuri?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, mujomba. Inanitunza muzuri."

"Mama yako alikuwa anatujibu vile vile juu ya baba yako," alisema, "na sisi tulikuwa tunamuamini. Kesho niko huko."